Kaktasi ya Krismasi ndani ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Barazani kwangu Arusha nina vyungu kumi na kimoja vya mmea huu, vyote vimetokana na pingili tatu nilizopewa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Yangu ikichanua, majirani husimama getini kuangalia. Ya kwao isipochanua, simu zinaanza kuingia. Maswali ni yale yale, nikaona bora niyaandike mahali pamoja. Nimewajibu pia walioko Ulaya na Marekani, maana huko mmea huu hujaa madukani kila Novemba, na shida zao si sawa na zetu.

Hivi hii ni kaktasi kweli? Mbona haina miiba?

Ni kaktasi, ukoo mmoja na mpungate. Ila haikutoka jangwani. Kwao ni Brazili, kwenye milima ya pwani ya jimbo la Rio de Janeiro, kama ile ya Serra dos Órgãos, ambako kuna msitu mzito, ukungu na mvua. Huota juu ya matawi ya miti na kwenye mianya ya miamba, mizizi imejishika kwenye mboji kidogo ya majani yaliyooza. Haunyonyi mti; unaukalia tu, kama okidi za msituni. Na hayo unayoyaona kama majani si majani. Ni shina lililobapa, pingili kwa pingili, kama muwa uliopigwa pasi.

Hilo la msitu ndilo nawaomba mlishike, kwa sababu makosa karibu yote yanatokana na neno "kaktasi". Mtu akilisikia anawaza jangwa: anauanika juani, anaunyima maji mwezi mzima, anaujazia mchanga mtupu. Kisha neno la pili, "Krismasi", linamfanya asubiri maua Desemba wakati hapa kwetu mwezi wake ni mwingine kabisa. Jina zima linapotosha.

Wangu kwenye kibandiko umeandikwa "wa Krismasi". Ni wenyewe?

Huenda sivyo. Mimea inayouzwa kwa jina hilo ni mitatu, na inafanana mpaka uisogelee.

Shika pingili ya mwishoni kabisa, utazame kingo zake. Zikiwa na meno yaliyochongoka, mithili ya miguu ya kaa, huo ni Schlumbergera truncata, ambao Wamarekani wanauita wa Sikukuu ya Shukrani kwa sababu kwao huchanua mwishoni mwa Novemba. Ndio unaouzwa zaidi siku hizi, hata ukiwa umeandikwa Krismasi. Kingo zikiwa za mviringo, zenye mawimbi laini, na maua yananing'inia kama hereni, huo ni wa Krismasi wa kale, Schlumbergera x buckleyi, mchanganyiko uliotengenezwa Uingereza katikati ya karne ya 19. Ua likiwa limefunguka usiangalie kingo, angalia chavua: ya truncata ni ya njano, ya buckleyi inaelekea zambarau.

Wa tatu ni wa Pasaka. Maua yake ni nyota iliyo sawa pande zote, na ncha za pingili zina vinywele vya kahawia. Huu ni mdekaji kuliko wenzake, hasa kwenye maji.

Matunzo yanakaribiana, kwa hiyo usikose usingizi kwa sababu ya jina.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Usihesabu siku. Ingiza kidole. Udongo wa juu ukiwa mkavu kwa sentimita mbili hivi, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri robo saa, kisha mwaga yote yaliyobaki kwenye kisahani. Mmea huu hauvumilii kukaa na miguu ndani ya maji. Huko kwao mvua inanyesha sana, lakini inapita. Tawi la mti halina kisahani.

Kwangu, Januari na Februari kukiwa na joto kavu namwagilia kila siku ya nne au ya tano. Juni na Julai, zile siku jua halionekani mpaka saa 6 mchana, zinaweza kupita siku kumi na mbili. Ukizoea utaacha hata kidole: unainua chungu tu, uzito unakuambia.

Maji ya mvua ni mazuri kuliko ya bomba. Kama maji yenu yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, ujue yanaacha ukoko huo huo kwenye udongo.

Pingili zimesinyaa na kulegea. Nimwage maji mengi?

Subiri kwanza. Mmea wenye kiu husinyaa, na mmea uliooza mizizi nao husinyaa, kwa sababu mizizi iliyooza haina uwezo wa kunywa hata ukiuzamisha kwenye ndoo. Ndiyo maana wengi huua mmea huu kwa huruma: wanaona umelegea, wanaongeza maji, unalegea zaidi, wanaongeza tena.

Gusa udongo. Ukiwa mkavu mpaka umeachana na ukuta wa chungu, ni kiu, na siku mbili baada ya kumwagilia utaona tofauti. Ukiwa umelowa, vuta mmea taratibu utoke. Mizizi mizima ni myeupe au kahawia hafifu, na ni migumu. Iliyooza ni myeusi, inachubuka ukiivuta, na ina harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo wiki mbili. Hapo usihangaike na shina la zamani. Chukua pingili nzima za juu, anza upya.

Niuweke juani au kivulini?

Mwanga mwingi usio wa jua kali. Dirisha la mashariki ni zuri. Jua la asubuhi mpaka saa 3 au saa 4 haliudhuru. Baraza yenye paa inafaa. Chini ya mwembe inafaa sana, maana ni kama kwao. Jua la mchana hugeuza pingili kuwa nyekundu-zambarau, halafu njano, halafu zinaungua. Wekundu kidogo si ugonjwa, ni mmea unakuambia usogee. Ila kwenye giza la kona ya sebuleni, nyuma ya kabati la TV, utaishi tu. Hautachanua.

Mwaka wa tatu huu na sijaona ua hata moja. Nakosea wapi?

Hili ndilo swali, mengine ni ya kusindikiza.

Mmea huu hufunga vitumba kwa kusoma vitu viwili: urefu wa usiku na ubaridi. Usiku ukifika saa 13 au zaidi za giza mfululizo, kwa wiki sita hivi, na joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 20, vitumba hutoka. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, hadi kumi, ubaridi peke yake unatosha, urefu wa giza haujalishi sana. Na usiku ukiwa wa moto, juu ya nyuzi 24 hivi, hata ukiufungia kabatini, kazi bure.

Walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wana giza la kutosha. London, kufikia katikati ya Oktoba, usiku umeshazidi saa 13. Tatizo lao ni taa. Mmea upo sebuleni, taa inawaka mpaka saa 6 usiku, nao unahesabu usiku wa saa saba. Giza lazima liwe mfululizo; hata taa ya barabarani inayopenya pazia inavuruga hesabu. Dawa yake ni rahisi: chumba kisichotumika, chenye baridi kidogo, ambacho hakuna anayewasha taa baada ya jua kuzama. Anza mwishoni mwa Septemba. Dada mmoja aliyeko Minnesota nilimwambia auhamishie chumba cha wageni na asilete mgeni mpaka Novemba. Alicheka, lakini alifanya.

Sisi wa karibu na ikweta tuna shida iliyo kinyume. Nairobi tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki hata robo saa. Arusha haifiki nusu saa. Usiku wetu haufiki saa 13 kamwe, uwe Juni au Desemba. Kwa hiyo huku kinachofanya kazi ni baridi. Arusha, Lushoto, Njombe, Mbeya, Limuru, Eldoret: uache mmea nje barazani mwezi wa Juni na Julai, mahali pasipo na taa ya usalama inayowaka usiku kucha, na usiuingize ndani kwa kuuonea huruma. Ile baridi inayokufanya utafute sweta ndiyo inayouamsha. Yangu huonyesha vitumba Juni na kuchanua Julai. Ukisubiri Desemba unasubiri mwezi wa joto.

Na si ajabu, kwani hata kwao si mmea wa Krismasi. Wabrazili wanauita ua la Mei, kwa sababu Mei ndipo msimu wa baridi unapowakaribia. Krismasi ni ya Wazungu waliouhamishia upande wa kaskazini, majira yakageuka.

Jambo moja la wakulima wakubwa wa vyungu, ambalo na mimi nalifanya: kabla ya baridi kuanza, nyofoa kile kipande kichanga cha mwishoni kwenye kila tawi, kile laini cha kijani kibichi ambacho hakijafikia urefu wa sentimita moja. Vitumba hutoka kwenye pingili zilizokomaa. Ukiondoa uchanga, matawi yote yanakuwa rika moja na yanachanua pamoja badala ya moja leo, jingine wiki ijayo.

Shikamoo dada, mimi niko Tabata, Dar. Nikubali tu kwamba sitaona ua?

Marahaba. Usikubali, ila ujue ni kazi. Julai na Agosti usiku wa Dar hushuka kidogo, na hapo ndipo pa kujaribu. Chukua boksi au ndoo kubwa isiyopitisha mwanga, ufunike mmea saa 11 jioni, ufunue saa 2 asubuhi, kila siku, wiki sita bila kuruka. Mchana uweke mahali penye mwanga na upepo. Funika ukiwa umeweka mawe mawili chini ya ukingo wa ndoo, upande wa kivuli, hewa ipite. Mombasa na Zanzibar usiku una joto zaidi, na wengi wanaofanikiwa huko huuweka kwenye chumba cha kiyoyozi usiku, mbali na pua ya mashine yenyewe.

Ukipata vitumba vitano Dar, usijilinganishe na picha za Ulaya. Hivyo vitano umevipigania.

Nitajuaje kama kinachotoka ni kitumba au pingili mpya?

Siku za mwanzo vinafanana, vyote ni kichomozo kidogo kwenye ncha. Baada ya siku nne au tano pingili mpya inakuwa bapa na ya kijani. Kitumba kinakuwa duara chenye ncha, kama kichwa cha kiberiti, na kinaanza kuona haya: wekundu kidogo, au weupe kama ua litakuwa jeupe. Kuanzia hapo hesabu wiki kadhaa, kama sita hadi nane, mpaka lifunguke. Usiwe na haraka, na usiugeuze chungu.

Vitumba vilitoka, nikafurahi, sasa vinadondoka kimoja kimoja!

Karibu kila mara kitu kimebadilika ghafla. Umeuhamisha. Umeuacha ukauke kabisa, au umeulowesha kupita kiasi. Umeuweka karibu na jiko, hita, mlango unaopigwa upepo. Mmea ukiwa na vitumba ni kama mtu aliyebeba sinia la mayai kichwani.

Ila kuna sababu moja ambayo watu hawaifikirii, na mimi ilinifundisha kwa gharama. Mwaka mmoja nilikuwa na chungu chenye vitumba zaidi ya thelathini, nikakiingiza jikoni ili wageni wa Jumapili wakikute mezani. Pembeni ya meza, sakafuni, kulikuwa na chane tatu za ndizi nimezifunika gunia ziive. Ijumaa nikaona vitumba viwili juu ya kitambaa cha meza. Jumamosi asubuhi nikavikusanya kwa kiganja. Jumapili wageni walikula ndizi.

Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayofanya gunia liivishe ndizi haraka. Mmea huu unaisikia mno, na jibu lake ni kuangusha vitumba na maua. Ndizi, embe, parachichi, tufaha: usiziweke chumba kimoja nao. Moshi wa jiko la mkaa nao una gesi hiyo.

Maua hukaa muda gani, na yakiisha nifanye nini?

Ua moja hukaa karibu wiki, penye ubaridi hata zaidi. Kwa sababu hayafunguki yote pamoja, mmea unaweza kukupa mwezi mzima wa rangi. Yaliyonyauka yazungushe kidogo, yatatoka.

Baada ya hapo uache upumzike mwezi hivi: maji kidogo, mbolea hapana. Utaonekana umechoka. Ni kweli umechoka.

Mbolea je?

Kidogo. Ukiona pingili mpya, tumia mbolea ya maji ya NPK, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi. Acha kabisa mwezi mmoja kabla ya msimu wa vitumba. Mara moja moja naweka kijiko cha chai cha chumvi ya haluli kwenye lita nne za maji, kwa ajili ya magnesi, si siku moja na mbolea. Samadi mbichi usithubutu.

Nitumie udongo gani, na chungu cha ukubwa gani?

Udongo unaopitisha maji haraka lakini wenye mboji. Mimi nachanganya mboji ya majani iliyooza vizuri sehemu mbili, nyuzi za makumbi ya nazi sehemu moja, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni ulio mkubwa pamoja na chenga za makaa. Pumice ya huku kwetu, yale mawe mepesi yenye matundu, nayo ni nzuri ukiyaponda. Udongo mweusi wa shambani peke yake unashikana kama saruji.

Chungu kiwe kidogo. Mmea huu hupenda kubanwa, na kwenye chungu kikubwa udongo wa pembeni ambao mizizi haijaufikia unakaa na maji mpaka unachacha. Hamisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, maua yakishaisha, kwenye chungu kilichozidi kwa vidole viwili tu. Tundu chini ni lazima. Kopo la rangi lisilo na tundu ni jeneza.

Naoteshaje wa jirani?

Omba kwanza. Kisha shika tawi lenye pingili tatu au nne, zungusha kwenye kiungo. Linakatika lenyewe, kisu hakina haja. Liache kivulini siku mbili kidonda kikauke, maana ukilipanda bichi linaoza. Lichomeke kwenye udongo unyevu, nusu ya pingili ya chini iingie. Weka matatu au manne kwenye chungu kimoja ili kije kijae. Nyunyiza kidogo kidogo. Baada ya wiki tatu mpaka sita vuta taratibu: likikataa kuja, limeshika.

Mmea uliorefuka ukakonda unakatwa hivyo hivyo, baada ya maua. Kila ulipokata hutoka vichipukizi viwili.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye viungo.

Vidung'ata. Chovya pamba kwenye spiriti, uwafute mmoja mmoja, rudia kila wiki mpaka uwamalize. Kwenye kiangazi unaweza kuona utitiri, pingili zinapauka kama zimepakwa vumbi. Osha mmea wote kwa maji na sabuni kidogo. Shina la chini likiwa na gamba la kahawia gumu, hilo ni uzee. Likiwa la kahawia na laini, ni kuoza, rudi kwenye swali la pingili zilizosinyaa.

Una sumu? Nina mtoto anayetambaa, na paka.

Hauna sumu kwa watu, paka wala mbwa. Akila nyingi tumbo litamsumbua, basi. Usiuchanganye na mnyaa na ndugu zake wenye utomvu mweupe, ambao watu huku wanawaita kaktasi vile vile. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni safari ya hospitali. Vunja ncha uone: ukitoka maziwa, huo siyo huu.

Naweza kuja nao kutoka Ulaya kwenye begi?

Kaktasi karibu zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ingawa chotara za Schlumbergera zilizozalishwa bustanini zimesamehewa. Lakini msamaha huo hauondoi sheria za afya ya mimea. Tanzania utahitaji kibali cha TPHPA, Kenya cha KEPHIS, ambazo ni mamlaka za afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka. Kwa pingili tatu ambazo jirani yangu atakupa bure, mimi nisingejisumbua.

Ni kweli Afrika haina kaktasi ya asili?

Ipo moja, na ni ndugu wa karibu wa huu: Rhipsalis baccifera, vijiti vyembamba vya kijani vinavyoning'inia kwenye miti ya misitu ya Tanzania, Kenya na Uganda, vyenye vitunda vyeupe vidogo. Kaktasi nyingine zote za asili ni za Amerika. Huu wa Brazili maua yake huchavushwa na ndege mvumaji, ambaye huku hayupo. Wangu hutembelewa na ndege chozi, anaingiza mdomo, anazunguka, anaondoka. Sijawahi kupata tunda.

Unaitwaje kwa Kiswahili?

Sijasikia jina lililokubalika. Wanangu wanauita miguu ya kaa. Mama mmoja jirani, aliyechukua pingili kwangu miaka minne iliyopita na sasa ana chungu kinachonishinda kwa maua, anauita ua la masweta.